Kufundisha Insha Hatua kwa Hatua: Mwongozo kwa Mwalimu Anayeanza

Kila muhula unapofunguliwa, walimu wapya wa Kiswahili huuliza maswali yale yale. Nina wanafunzi 60 darasani, nitasahihishaje insha zote? Nimewafunza methali, nahau na tamathali, mbona insha zao bado hazina ladha? Nimesahihisha kila kosa kwa kalamu nyekundu, mbona mwezi unaofuata wanayarudia? Mwongozo huu unayajibu kwa pamoja, kwa sababu chanzo chake ni kimoja.

Kazi kubwa ya mwalimu wa insha inapaswa kufanyika mwanafunzi akiwa bado anaandika. Tumezoea kuifanya akishamaliza. Tunatoa mada Jumatano, tunakusanya madaftari Ijumaa, wikendi inaishia mezani. Piga hesabu: dakika 8 kwa kila daftari, wanafunzi 60, ni dakika 480, yaani saa 8 kamili. Jumatatu mwanafunzi anafungua daftari, anatazama alama aliyopata, anamchungulia jirani yake amepata ngapi, kisha anafunga. Maelezo uliyoyaandika pembeni hayasomi, na hata akiyasoma hana la kuyafanyia, maana insha imekwisha. Hatua zifuatazo zinahamisha sehemu kubwa ya saa hizo 8 na kuziweka ndani ya kipindi.

Nimeziandika nikiwa na shule ya sekondari ya Kenya akilini, yenye vipindi vya dakika 40. Mwalimu wa Tanzania au Uganda atarekebisha muda na mada. Hatua zenyewe zitamfaa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Vipindi vinne au vitano kwa insha moja. Ndiyo, ni vingi. Insha mbili au tatu kwa muhula zilizopitia hatua zote zitamjenga mwanafunzi kuliko insha kumi za kuandikwa na kusahaulika. Yaingize haya kwenye maazimio ya kazi mapema, ili mkuu wa idara asije akauliza mbona uko nyuma.
- Daftari moja la rasimu kwa kila mwanafunzi, mbali na daftari la insha. Shule isipoweza kuyatoa, karatasi zilizotumika upande mmoja zinatosha. Zitobolewe na kufungwa kwa uzi.
- Ubao na chaki. Huu ndio utakuwa uwanja wako mkuu.
- Daftari lako dogo la mfukoni la kuandikia makosa unayoyaona ukizunguka darasani.
- Orodha ya majina ya darasa yenye nafasi ya kuweka alama ya vema, ujue umezungumza na nani na bado nani.

Kamusi moja kwa kila kundi ni jambo jema ikipatikana. Projekta haihitajiki.

Hatua

1. Toa mada ambayo mwanafunzi ana la kusema kuihusu.

"Andika kuhusu athari za ufisadi nchini" ni mada inayomlazimisha mtoto wa miaka 15 kukariri hoja za mtu mwingine. Ibane. "Eleza siku uliyoona mtu akitoa au akiombwa kitu kidogo ili ahudumiwe" inampeleka kwenye jambo aliloliona kwa macho yake: kituo cha matatu, foleni ya zahanati, lango la soko. Hoja za ufisadi zitakuja zenyewe, na zitakuwa na ushahidi.

Kabla ya kuitoa mada, jijaribu: je, wewe mwenyewe unaweza kuiandikia aya moja sasa hivi bila kutafuta popote? Kama huwezi, ibadilishe.

2. Waache waongee kwanza.

Dakika 5, wawili wawili. Mmoja anasimulia, mwingine anauliza maswali, kisha wanabadilishana. Darasa litakuwa na kelele na mwalimu wa chumba cha pili huenda akachungulia mlangoni. Usizizime. Mwanafunzi aliyekwisha kusimulia kisa chake kwa mdomo hakai dakika 10 akitazama karatasi tupu.

3. Andika mbele yao, ubaoni, bila kujiandaa sana.

Hatua hii ndiyo walimu wengi huiruka, nami naiona kuwa ya maana kuliko zote. Mwanafunzi amesoma insha za mfano tele kwenye vitabu vya marudio, zote zikiwa zimekamilika na kupigwa msasa. Hajawahi kumwona mtu mzima akiandika: akisita, akifuta, akirudi nyuma. Ndiyo maana anaamini kwamba anayejua kuandika huandika mara moja tu, na kwamba yeye, kwa kuwa anasita, hajui.

Chukua mada ile ile uliyowapa. Andika ubaoni: *Mvua ilinyesha sana.* Isome kwa sauti. Simama. Waulize: "Tutajuaje ilikuwa nyingi?" Wa kwanza atasema ilinyesha kama iliyoagizwa. Iandike, kisha uliza nani hajawahi kuisikia sentensi hiyo. Hakuna mkono utakaoinuka. Ifute. Uliza tena: "Mvua ikija kubwa hapa darasani, nini hutokea?" Sasa watakuambia: mabati yanapiga kelele, hatukusikii, unaacha kufundisha. Andika: *Mvua iliyapiga mabati hadi mwalimu akaweka chaki chini.* Isomeni pamoja. Hamna tamathali hata moja hapo, lakini kila mmoja ameisikia hiyo mvua.

Fanya hivyo kwa sentensi nne au tano, dakika 10 hivi. Ukikosea tahajia na mwanafunzi akakusahihisha, mshukuru na urekebishe. Usiandike aya nzima, la sivyo utaikuta kwenye madaftari 60.

4. Rasimu ya kwanza: kimya, dakika 15 hadi 20.

Sheria ni tatu. Waandike wakiruka mstari, ili kuwe na nafasi ya marekebisho. Wasifute kwa ufutio. Wakate kwa mstari mmoja ili kilichokatwa kionekane. Wasiulize tahajia ya neno. Waliandike wanavyolisikia na kulipigia mstari chini, litarekebishwa baadaye.

Kwa dakika 5 za mwanzo usizunguke. Keti uandike yako. Mwalimu anayepita nyuma ya migongo mara tu kalamu zinapoanza huwafanya waandike ili kumridhisha yeye.

5. Zunguka na uzungumze na mwanafunzi mmoja mmoja, dakika 2.

Donald Murray, mwandishi wa habari wa Marekani aliyepata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1954 na baadaye akawa mwalimu wa uandishi katika Chuo Kikuu cha New Hampshire, aliyajenga mafundisho yake juu ya mazungumzo ya namna hii. Kanuni yake ilikuwa kwamba mwanafunzi ndiye aanze kusema kuhusu maandishi yake, mwalimu afuate. Hiyo ndiyo nadharia pekee utakayoihitaji.

Chuchumaa au keti kando yake, usimsimamie kichwani. Kalamu yako iache mfukoni. Uliza maswali matatu tu: *Umeandika kuhusu nini? Ni wapi pamekuridhisha? Ni wapi pamekukwamisha?* Kisha sikiliza.

Tuseme mwanafunzi wa Kidato cha Pili ameandika hivi:

*Siku hiyo niliamka alfajiri na mapema. Nilipiga mswaki, nikaoga, nikastaftahi kwa chai na mkate. Mama alinituma sokoni. Sokoni kulikuwa na watu wengi kama siafu. Nilipoteza pesa. Nililia sana.*

Kishawishi ni kumwambia aongeze tamathali. Usimwambie. Mwulize jambo unalotaka kulijua kwa dhati kama msomaji.

"Ulijuaje kwamba pesa zimepotea?"

"Nilikuwa nimeshachagua nyanya, mwalimu. Nikatia mkono mfukoni, nikapata shimo."

"Na mama wa nyanya alifanya nini?"

"Alikuwa ameshazifunga kwenye gazeti. Akazifungua, akazirudisha moja moja kwenye fungu."

Hapo insha imepatikana. Mwambie: "Hayo uliyoniambia sasa hivi hayamo humu. Yaandike." Ondoka, nenda kwa mwingine. Ukirudi kesho utakuta ameandika kitu kama hiki: *Mama wa nyanya alikuwa ameshazifunga kwenye gazeti. Nikatia mkono mfukoni, vidole vikatokea upande wa pili. Aliponitazama akaelewa. Akalifungua gazeti na kuzirudisha nyanya kwenye fungu, moja moja, bila kusema neno.* Mswaki na chai atavifuta mwenyewe, kwa sababu sasa ana kitu bora cha kuanzia.

Kwa dakika 2 kila mmoja, ndani ya dakika 20 utawafikia 10. Darasa la 60 linakwisha kwa vipindi sita, kwa hiyo hutamfikia kila mtu katika kila insha. Weka vema kwenye orodha, na insha ijayo anza na waliobaki. Usiwafuate wanaoinua mikono peke yao. Wanaokuhitaji zaidi huinamia dawati ukikaribia.

6. Wasomeane, kwa kazi maalumu.

Ukisema tu "badilishaneni madaftari msahihishe", watawinda tahajia na kucheka mwandiko. Mpe kila msomaji kazi mbili: apige mstari chini ya sentensi moja aliyoipenda, na aandike swali moja ambalo insha haijamjibu. Basi. Alama asitoe.

7. Fundisha sarufi kutokana na makosa yao.

Daftari lako la mfukoni sasa lina vitu. Utakuta makosa yanajirudia: *kwasababu* badala ya *kwa sababu*, *ana kula* badala ya *anakula*, *uyu* badala ya *huyu*, *ngombe* bila ritifaa, *kitabu yangu*, *watu mingi*. Palipo na lugha ya kwanza isiyotofautisha *l* na *r* utakuta *kurara*. Kwingine *dh* na *th* zinabadilishana nafasi. Chagua moja, lile lililowashika wengi. Andika ubaoni sentensi tatu zenye kosa hilo, ulizozitunga wewe (kamwe usimnukuu mtoto anayeweza kujitambua), zirekebisheni pamoja kwa dakika 10, kisha kila mmoja alisake kosa hilo hilo, na hilo peke yake, kwenye rasimu yake.

Upatanisho wa ngeli unaofundishwa hivi unashika zaidi kuliko wa mazoezi ya kujaza mapengo, maana mwanafunzi anaurekebisha katika sentensi aliyoitunga na anayoijali.

8. Rasimu ya pili, kisha ndipo usahihishe.

Kalamu nyekundu ina zamu yake, na zamu yenyewe ni fupi. Kwa kila insha fanya mambo matatu: andika sentensi moja kuhusu kilichokugusa, ukikitaja kwa jina ("nilizihesabu nyanya pamoja nawe"), taja jambo moja la kurekebisha katika maudhui au mtiririko, weka alama pembeni mwa mstari wenye kosa mlilolishughulikia wiki hiyo. Usimwandikie sahihisho, alitafute. Makosa mengine yaache. Yana wiki zake.

Utatumia dakika 3 au 4 kwa daftari. Tena utakuwa unasoma insha unazozijua, kwa sababu ulikuwapo zikizaliwa.

9. Warudishie, na uwape muda wa kurekebisha papo hapo.

Nusu kipindi, madaftari wazi, kila mmoja arekebishe yale mawili uliyotaja. Alama itoe baada ya marekebisho. Ukiitoa kabla, hakuna atakayerekebisha.

Chache zisomwe kwa sauti, nyingine zibandikwe ukutani au zisomwe kwenye gwaride, kwa idhini ya wenyewe. Mwanafunzi anayejua kwamba insha yake itasikiwa na wenzake huandika tofauti na anayeandikia rafu ya madaftari.

Je, insha za kiuamilifu?

Barua, hotuba, kumbukumbu, ripoti, tahariri, wasifukazi: hizi zina sura ya lazima, na sura hufundishwa waziwazi. Mwanafunzi hawezi kuibuni anwani mbili za barua rasmi, wala kukisia kwamba kumbukumbu hutenga waliohudhuria, waliotuma udhuru na wasiohudhuria. Mpe sura hiyo siku ya kwanza, iandikeni ubaoni, ainakili. Msikae hapo wiki mbili.

Kisha rudini kwenye hatua zile zile. Kumbukumbu ziwe za mkutano uliofanyika kweli, wa chama cha Kiswahili au wa darasa kuhusu zamu za usafi. Barua rasmi iwe na mtu wa kuipokea na iwasilishwe: kwa mkuu wa shule kuhusu mfereji uliokauka, kwa mwakilishi wa wadi kuhusu kivuko mbele ya lango. Jibu likija, libandikeni ukutani.

Kuhusu mtihani

Watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, wana saa 1 na dakika 45 kwa insha mbili za alama 20 kila moja, ya kwanza ikiwa ya lazima, na kila insha isipungue maneno 400. Ni dakika 52 hivi kwa kila insha. Lazima wazoeshwe kuandika wakikimbizana na saa. Lakini zoezi hilo liweke mwishoni mwa muhula, baada ya insha mbili zilizopitia hatua zote. Mwanafunzi asiyejua kurekebisha akiwa na wiki nzima hatajifunza kurekebisha akiwa na dakika 52.

Makosa yanayowapata wengi

*Kuwapa orodha ya misemo ya kupachika.* Ukiwapa misemo 30 mizuri, utaipata yote 30 katika ukurasa mmoja: *wahenga hawakuambulia patupu*, *kwa udi na uvumba*, *moyo ulinidunda kama ngoma ya mdundiko*. Nahau na methali ni hazina ya lugha yetu na nazipenda, ndiyo maana siwezi kuvumilia kuona zikimwagwa ovyo. Fundisha moja kwa wiki, na umtake mwanafunzi akuambie ni nani angeisema, akimwambia nani, na kwa nini.

*Kuishika kalamu ya mwanafunzi.* Ukimwandikia sentensi, insha inakuwa yako, naye anajua hivyo. Uliza swali, ondoka.

*Kusifu kwa jumla.* "Heko", "Vizuri sana", "Jitahidi". Hayamwambii afanye nini kesho.

*Kutumia insha kama adhabu.* "Wapiga kelele wataandika insha ya kurasa tatu." Usifanye hivyo hata siku moja.

Mambo yakikwama

Anasema, "Sijui niandike nini, mwalimu." Usimpe wazo. Mwulize jana baada ya shule alikwenda wapi na alikutana na nani, umfuate hadi atakapotaja jambo lililomkera au kumfurahisha. Kisha: "Anzia hapo."

Anaandika mistari mitatu na kuweka kalamu chini. Pigia mstari neno moja lenye siri zaidi, kwa kawaida ni kitenzi, na umwombe mistari mingine mitatu kuhusu hilo tu.

Rasimu imejaa Sheng. Iache katika rasimu ya kwanza. Katika ya pili, kila neno la Sheng alitafutie sanifu lenye uzito ule ule. Zoezi hilo lenyewe linampanulia msamiati. Mhusika wa matatu akizungumza, unaweza kumruhusu azungumze kama watu wa matatu, lakini mkumbushe kwamba msimulizi hutumia Kiswahili sanifu, na mtihani unadai hivyo.

Insha imenakiliwa kutoka kitabu cha marudio, au imetungwa na programu ya akili unde. Usianze na ukali. Mwombe akuonyeshe rasimu ya kwanza na akueleze kwa nini alifuta alichofuta. Asipokuwa nayo, aandike upya darasani. Ukizingatia hatua ya 4 hadi ya 8 ndani ya vipindi, tatizo hili litakujia mara chache sana.

Wanafunzi ni 80, huna pa kupita kati ya madawati. Weka kiti kimoja kando ya meza yako, waje kwa zamu huku wengine wakiandika. Tumia vikundi vya wanne katika hatua ya 6, na usahihishe robo ya madaftari kila wiki badala ya yote kwa mkupuo.

Mkuu wa idara anataka kuona wekundu kwenye kila ukurasa. Mwonyeshe rasimu ya kwanza na ya pili ya mwanafunzi mmoja dhaifu, zikiwa kando kwa kando. Zinasema zaidi ya maelezo yoyote utakayotoa.

Ameandika jambo linalokutia hofu. Ukiwaruhusu watoto waandike maisha yao, siku moja utasoma kuhusu kipigo, njaa, au mtu mzima wa nyumbani anayemgusa. Insha hiyo usiipe alama na usiirudishe pamoja na nyingine. Mwite mwandishi faraghani, bila kumtenga kwa namna ambayo wenzake watagundua. Mwambie umeisoma na unamwamini. Usimwahidi kwamba hutamwambia yeyote; mweleze ni nani utakayemwambia na kwa nini. Mshirikishe mwalimu wa ushauri nasaha siku hiyo hiyo. Simu ya msaada kwa watoto ni 116, haina malipo, na inapatikana Kenya, Tanzania na Uganda. Insha yenyewe itunze mahali pa kufungwa kwa ufunguo, na usiisome kwa walimu wenzako ofisini, hata bila kutaja jina.